Mimi huanzia wimbo wa saba

Tangu Julai 2015 albamu mpya hutoka Ijumaa karibu dunia nzima, na ikifika Ijumaa jioni orodha yangu ya bendi za indie, zile zisizo chini ya kampuni kubwa za muziki, haina mwisho. Siwezi kuzisikiliza zote. Kwa hiyo sianzi na wimbo wa kwanza, naanza na wa saba.

Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Basi kila kilicho kitamu hupangwa mbele: kibwagizo cha mapema, gitaa lililoshiba. Nyimbo mbili za mwanzo ni nguo za Idi. Mimi nataka kujua humo ndani huvaliwa nini Jumanne. (Labda ni malezi pia: nimekulia kwenye muziki wa dansi, ambako unavumilia beti ukijua chemko linakuja.)

Huo wa saba nausikiliza kwa sauti ya chini. Sikio linadanganyika kirahisi. Kinacholia kwa nguvu hukiona kizuri, hasa besi. Punguza mpaka feni ya chumbani isikike. Wimbo ukibaki umesimama, kuna mtunzi humo. Kisha namfuata mpiga dramu, namwacha mwimbaji kwanza. Akipiga vilevile kwenye ubeti na kwenye kibwagizo, kama vile hasikii maneno, mara nyingi naishia hapo.

Albamu ya 2022 ya Big Thief, bendi ya Marekani, *Dragon New Warm Mountain I Believe in You*, ina nyimbo 20, na mtayarishaji wake ni mpiga dramu wao, James Krivchenia. Inasikika: dramu zinajua kunyamaza. Ndani ya "Spud Infinity" kuna kile kichuma kinachobanwa mdomoni na kudundwa kwa kidole, kinaruka-ruka wimbo mzima. Kwenye "Red Moon" mwimbaji wao, Adrianne Lenker, anapaza sauti katikati kumtaja bibi yake, na hakuna aliyekikata kipande hicho. Ningepunguza nyimbo nne, lakini isikilize.

Kipimo changu kilikwama kwa *Diamond Jubilee* ya Cindy Lee, yaani Patrick Flegel wa Kanada, aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Women. Ilitoka Machi 2024: nyimbo 32, saa mbili, na Spotify haikuwekwa. YouTube iliwekwa kama video moja ndefu. Wa saba unaanzia wapi? Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, waliipa 9.1 kati ya 10, alama ambayo haikunisaidia chochote, maana mara ya kwanza niliizima dakika ya arobaini. Sauti imefifia kama redio ya jirani. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilikuwa napiga pasi, sijali kinachoendelea, gitaa likapanda taratibu nyuma ya ile sauti nyembamba, nikasimama kusikiliza.

Lile shati bado ninalo. Alama ya pasi iko mgongoni.