Kabla ya kupitisha fedha za bustani, someni fakitire ya umeme

Kwa sheria ya Kongo ya 7 Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za mitaa, meya na wenzake hutayarisha bajeti ya mji, na baraza la mji huijadili na kuipitisha. Desemba 2023 wakaaji wa Lubumbashi walichagua washauri wa komini, na hao ndio wanaochagua washauri wa mji. Kwa hiyo gharama za umeme wa ofisi, vituo vya afya na bustani zina mtu wa kuulizwa katika kila komini, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi. Tunachoomba ni kimoja: mstari wa umeme na mstari wa bustani visomwe pamoja, kwa sababu bustani hula umeme kuliko inavyodhaniwa.

Mkishika fakitire, yaani bili ya umeme, msikimbilie jumla iliyo chini. Tafuteni konteri, yaani mita ya umeme. Je, kuna namba yake, tarakimu za mwezi uliopita na za mwezi huu? Kama hazipo, jengo linalipishwa kwa forfe, yaani kiasi kile kile kila mwezi, taa ziwake zisiwake. Hapo ndipo fedha za kubana matumizi hupotea: taa za LED zinanunuliwa, fundi anazifunga vizuri, na mwezi unaofuata fakitire inarudi vilevile. Konteri itangulie, taa zifuate.

Konteri ikishafungwa, kuna kipimo kisichohitaji mhandisi. Sentineli (mlinzi) aandike tarakimu saa 12 jioni wafanyakazi wanapotoka, kisha saa 12 asubuhi kabla hawajaingia, kwa wiki moja. Ofisi isiyo na friji ya chanjo wala mashine ya usiku inapaswa kuonyesha tofauti ndogo tu, ile ya taa za ulinzi. Ikiwa kubwa, kuna kiyoyozi kilichoachwa au kuna waya wa jirani uliounganishwa nyuma ya ukuta. Fuateni waya huo kabla ya kununua kitu chochote.

Sasa taa zenyewe. Taa ya zamani ya sodiamu ya wati 250, pamoja na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa), huvuta karibu wati 280. LED ya wati 90 inaweza kuchukua nafasi yake. Lubumbashi usiku ni wa saa kama 12 mwaka mzima, kwa hiyo taa 40 za zamani hula takriban kWh 134 kwa usiku mmoja, na za LED kWh 43. Hesabu hiyo ni ya usiku wenye umeme. Delestaji, yaani umeme wa mgawo, ikiingia, grupu (jenereta) linawashwa na hesabu inabadilika. Grupu la kVA 20 linalobeba kW 3 au 4 tu linachoma mazuti (dizeli) mengi kwa kila kWh, na injini yake hujaa masizi. Kwa ofisi yenye kompyuta chache, grupu dogo ni bora kuliko lile la kujionyesha.

Kwenye bustani, mlaji mkubwa ni nyasi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni kama hakuna, na uwanja wa nyasi unataka lita 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hektari moja ni lita 50,000. Kuyapandisha maji hayo mita 50 kutoka kwenye foraji (kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine), kwa pampu ya kawaida, kunakula karibu kWh 15 kila siku. Kwa grupu ni lita 6 za mazuti au zaidi. Miche 100 ya miti, ikipewa lita 20 kila mmoja mara mbili kwa wiki, inahitaji lita 4,000 tu kwa wiki nzima. Nyasi ziwe sehemu ndogo ambapo watoto wanacheza, kwingine kuwe na kivuli. Mti upandwe Novemba mvua zikishika, katika shimo la sentimita 60 kila upande, na majani makavu yatandazwe kuuzunguka bila kugusa shina, kwa sababu mchwa wa huku hawasubiri. Ni mchwa hao hao wanaokula miguu ya mabenchi ya mbao. Miguu iwe ya zege.

Pampu ya sola inafaa sana hapa, na haihitaji betri: jua linajaza tangi lililo juu, bustani inamwagiliwa alfajiri. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa digrii 15 hivi, na wakati wa kiangazi zioshwe kila wiki mbili, maana vumbi jekundu huzifunika. Pampu ya fazi tatu inayotumia umeme wa mtandao ifungiwe rilei ya fazi, kifaa kinachozima mota fazi moja ikikosekana. Fazi moja ikikatika wakati mota inazunguka, mota huendelea kuvuma huku ikiungua, na kuitoa shimoni ni gharama nyingine.

Taa za sola za nguzoni tunazishauri kwa tahadhari. Zile zenye betri ndani ya kichwa, chini ya paneli, hupikwa na joto, na mwembe ukikua jirani zinakosa jua. Bajeti isiyo na fedha za betri mpya ni bajeti ya nguzo zisizowaka.

Mwisho, angalieni kidirisha kilicho chini ya kila nguzo, kwenye kimo cha mtoto. Kikivunjwa, waya hubaki wazi. Kila laini ya bustani iwe na dizonkteri diferensiali ya miliampea 30, yaani swichi inayojikata umeme unapovuja, na kebo izikwe sentimita 60 au zaidi. Iwe ya alumini, si shaba: katika mji huu shaba ina mnunuzi usiku huo huo. Na hati ya mradi itaje nani anashika ufunguo wa kabati la umeme, na nani anabonyeza kitufe cha majaribio cha dizonkteri hiyo kila mwezi.