Kwa nini nchi yenye bandari na meli zake ihesabiwe kuwa haina bahari?

Ukisimama kwenye gati la Aktau, magharibi mwa Kazakhstan, unaona maji ya chumvi mpaka upeo wa macho, na meli za mizigo zimetia nanga. Hata jeshi la wanamaji nchi hiyo inalo. Lakini Umoja wa Mataifa unaihesabu Kazakhstan miongoni mwa nchi zisizo na bahari, tena ndiyo kubwa kuliko zote.

Sababu ni kwamba maji hayo ya Aktau ni ya Bahari ya Kaspi, nayo haina mlango wa kutokea bahari kuu. Ni mabaki ya bahari ya kale iliyozibwa na ardhi iliyoinuka, zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita. Mito huingiza maji, hasa Volga, ila hakuna mto hata mmoja unaoyatoa. Hupungua kwa kugeuka mvuke tu. Chumvi yake ni kama theluthi ya ile ya bahari kuu, na uso wake uko zaidi ya mita 28 chini ya usawa wa bahari nyingine.

Kwa hiyo ukubwa wa maji hausaidii kitu kama hayakufikishi bahari kuu. Kati ya nchi 5 zinazoizunguka Kaspi, Urusi na Iran zina pwani kwingine. Kazakhstan, Azerbaijan na Turkmenistan hazina.

Njia ya meli ipo, na inastaajabisha: mfereji wa Volga na Don, wenye urefu wa kilomita 101, uliofunguliwa mwaka 1952. Meli inayotoka Volga huingia kwenye chumba cha zege, lango hufungwa nyuma yake, maji hujazwa, nayo huinuka taratibu mpaka lango la mbele lifunguliwe. Hupanda hivyo vyumba 9, jumla mita 88, kisha hushuka vyumba 4 kuufikia mto Don, na kutoka hapo kwenda Bahari ya Azov na Bahari Nyeusi. Lakini mfereji wote uko ndani ya Urusi, na majira ya baridi hufungwa kwa barafu. Ndiyo maana mafuta mengi ya Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, husafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 1,700, kupitia Georgia hadi Ceyhan, Uturuki.

Je, Kaspi ni bahari au ziwa? Nchi hizo 5 zilibishana kwa zaidi ya miaka 20. Mkataba waliotia saini Aktau tarehe 12 Agosti 2018 haukuchagua upande: kila nchi ilipewa maili 15 za baharini za maji yake na 10 zaidi za uvuvi, na majeshi ya nchi nyingine yoyote yakapigwa marufuku. Binafsi naona walifanya busara.

Anayeumia zaidi ni Uzbekistan. Majirani zake wote 5, wakiwemo Kazakhstan na Turkmenistan, nao hawana bahari, kwa hiyo mzigo wake lazima uvuke mipaka miwili kabla ya kufika bahari kuu. Kaspi ingehesabiwa kuwa bahari kamili, ungebaki mpaka mmoja tu.