Unga badala ya damu: tunachoruka tunapofundisha sadaka ya dhambi

Waulize wanafunzi wa darasa lolote la Biblia Mwisraeli alifanya nini alipokosa. Wengi watajibu: alileta mwanakondoo, dhambi ikahamia kwa mnyama, mnyama akafa badala yake. Jibu hili limekaa vinywani mwetu kiasi kwamba tukifika Walawi 4 hatusomi tena, tunapita tu. Someni polepole, kwa sababu maandiko yenyewe yana vipimo.

Kwanza mnyama anategemea aliyekosa ni nani. Kuhani aliyetiwa mafuta huleta ng'ombe dume mchanga, na mkutano mzima ukikosa ni vivyo hivyo. Mtawala huleta mbuzi dume. Mtu wa kawaida huleta mbuzi jike, au mwanakondoo jike. Asiyemudu huleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na asiyeweza hata ndege, Walawi 5:11 inamruhusu alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, bila mafuta wala ubani. Hicho ni kipimo kilekile cha mana ya siku moja kwa kichwa, lita mbili na kidogo. Kuhani huchota konzi moja, huiteketeza juu ya madhabahu, na mstari wa 13 unamaliza kwa maneno yaleyale aliyoambiwa mwenye mbuzi: naye atasamehewa.

Hapo ndipo hesabu yetu ya haraka inapokwama. Unga hauchinjwi. Mwandishi wa Waebrania aliliona hilo; ndiyo maana katika 9:22 aliandika kwamba katika torati *karibu* vitu vyote husafishwa kwa damu. Hilo neno "karibu" wahubiri wengi hulimeza.

Sasa utaratibu wa mbuzi wa mtu wa kawaida. Mwenye dhambi anaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha mnyama, na anamchinja yeye mwenyewe, si kuhani. Kuhani anachukua damu kwa kidole, anaitia katika pembe za madhabahu ya sadaka ya kuteketezwa, nyingine yote anaimwaga chini ya madhabahu. Mafuta yote yanateketezwa. Nyama inaliwa na kuhani mahali patakatifu, na Walawi 6:25 inaiita takatifu sana. Chungu cha udongo kilichoipikia kinavunjwa. Cha shaba kinasuguliwa na kusuuzwa kwa maji.

Kama dhambi ingekuwa imeingia ndani ya mbuzi huyo, nyama yake ingewezaje kuwa takatifu sana, tena ikaliwa? Linganisheni na Walawi 16:21, siku ya upatanisho. Kule Haruni anaweka mikono yote miwili, anaungama maovu ya Israeli juu ya kichwa cha mbuzi, na mbuzi huyo anapelekwa nyikani akiwa hai. Huyu anayebebeshwa dhambi hachinjwi madhabahuni, na damu yake haiguswi. Tunapowachanganya mbuzi hawa wawili tunapata mnyama wa tatu ambaye hayumo katika Walawi.

Shida nyingine ni jina. Kiebrania ni *hatati*, na tafsiri zetu zinasema "sadaka ya dhambi". Lakini mama aliyejifungua alitakiwa kuileta (Walawi 12), na kuzaa si dhambi. Mariamu alifuata sheria hiyohiyo, kwa kiwango cha maskini, ndege wawili (Luka 2:24). Madhabahu nayo ilifanyiwa (Walawi 8:15), na madhabahu haitendi kosa. Jacob Milgrom, msomi wa kitabu cha Walawi, alitetea kwa kirefu kwamba tafsiri bora ni sadaka ya utakaso: damu inasafisha uchafu ambao dhambi na unajisi wa watu vimeuacha katika patakatifu. Kwa maoni yangu hoja yake kuu haijajibiwa. Kitenzi cha mzizi huohuo ndicho kilichoko Zaburi 51:7, "unisafishe kwa hisopo".

Je, hii inafuta fundisho la Kristo kuadhibiwa badala yetu? Hapana, wanaolitetea wana Isaya 53 na Wagalatia 3:13, na wajenge hapo. Mbuzi wa Walawi 4 asibebeshwe mzigo ambao maandiko hayakumbebesha.

Kuna na sadaka ya hatia, ambayo makanisani kwetu haitajwi sana, labda kwa sababu inagusa mfuko. Walawi 6:1-7 inamhusu aliyemdhulumu jirani, akakana amana au kitu alichookota, kisha akaapa uongo. Huyu hakukosa kwa bahati mbaya. Hatua zake zina mpangilio: anarudisha mali kamili, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenye mali siku ileile ya sadaka, ndipo analeta kondoo dume. Aliyekula shilingi 100,000 analipa 120,000 kabla ya kuhani kugusa damu. Hesabu 5:7 inaongeza kwamba lazima aungame.

Mwizi aliyekamatwa alilipa zaidi: kondoo akikutwa hai mkononi mwake, mara mbili, akiwa amemchinja au kumuuza, mara nne (Kutoka 22:1-4). Kwa hiyo moja ya tano ni nafuu ya anayejisalimisha mwenyewe. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, alijitolea kurudisha mara nne, kiwango cha mwizi wa kondoo, na hakuna aliyekuwa amemkamata.

Na kama mdhulumiwa amekwisha kufa? Hesabu 5:8 inatazama kwanza jamaa yake wa karibu. Asipokuwepo jamaa, malipo yanakuwa ya Bwana na kuhani anayapokea, pamoja na kondoo wa upatanisho. Deni halifi na mwenye kudai.