Kabla kaunti haijasaini mkataba wa ambulensi

Kamati ya afya ya kaunti nchini Kenya ikiketi kuzungumzia ambulensi za kukodi, swali la kwanza huwa ni hili: gari moja ni pesa ngapi kwa mwezi? Swali ni la haki. Pesa ni za umma, na mwakilishi wadi atarudi kwa waliomchagua kujieleza. Ila mazungumzo yakianzia hapo, mkataba mzima utaandikwa kuhusu magari, na wananchi hawakuomba magari. Kazi yangu ni kuandika na kukagua mikataba ya aina hii, na kitu cha kwanza ninachotafuta ndani yake ni kifungu kinachosema kaunti inalipia nini hasa. Mara nyingi sikioni.

Sheria yenyewe haina utata. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limetaja huduma za ambulensi waziwazi kuwa jukumu la kaunti, na Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ugatuzi ulipoanza 2013, baadhi ya kaunti ziliamua kukodi badala ya kununua; E-Plus, kampuni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ni miongoni mwa waliozikodishia. Kukodi hakuhamishi jukumu. Mwanakandarasi akishindwa, atakayeulizwa bado ni kaunti.

Nami sina ugomvi na kukodi. Gari la serikali likivunjika ekseli, spea yake lazima ipitie taratibu za ununuzi wa umma, na wakati huo gari limewekwa juu ya mawe nyuma ya hospitali hadi nyasi zinaota chini yake. Mwanakandarasi ana fundi wake na anaweza kuleta gari la akiba. Ugomvi wangu uko kwenye namna ya kumlipa.

Wahasibu hupenda malipo kwa kila safari, kwa sababu pasipo safari hapana ankara. Mjini njia hiyo inaweza kufaa: simu ni nyingi, mwendo ni mfupi. Kwenye kaunti ya mashambani gari hukaa kutwa nzima bila kuitwa, kisha saa nane za usiku likahitajika zahanati iliyo kilomita themanini, barabara ya vumbi. Mwenye gari akilipwa kwa safari ataliegesha penye safari nyingi, yaani mlangoni pa hospitali ya makao makuu, na muuguzi wa zahanati ya mbali ataambiwa "liko njiani". Hapo hakuna uhalifu wowote, ni hesabu ya biashara tu.

Njia ya pili ni malipo ya jumla, kiasi kilekile kila mwezi kwa kila gari. Hii ina busara yake, maana mlinzi wa usiku hulipwa hata usiku ambao mwizi hakuja. Lakini mikataba mingi niliyosoma inamlipa mlinzi huyo hata usiku aliolala kwake. Gari limekaa gereji wiki nzima, na mwisho wa mwezi ankara ni ileile.

Ninachopendekeza ni kulipia saa za utayari. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Saa ihesabiwe ikiwa gari linatembea, dereva na mhudumu wa dharura wako zamu, tangi lina mafuta, mtungi wa oksijeni una gesi, na gari lenyewe liko katika kituo kilichotajwa mkatabani. Kimoja kikikosekana, saa hiyo haina malipo. Likikosekana kwa jumla ya saa 72, asilimia 10 ya malipo ya mwezi imeondoka yenyewe, bila barua ya onyo wala kikao. Juu ya hapo ongeza kiasi kwa kila kilomita, ili safari ndefu isiwe hasara kwa anayeifanya. Wanakandarasi wazuri hawaukatai mpango huu. Wanaoukataa wananipa habari muhimu mapema.

Sasa mafuta, ambayo mimi huyapa muda mrefu kuliko kifungu kingine chochote. Kuna mtindo wa mwanakandarasi kuleta gari na wafanyakazi, kaunti ikabaki na dizeli. Kwenye karatasi unaonekana kuokoa pesa. Njoo zahanatini uone: mama amekaa kwenye uchungu kupita kiasi, muuguzi amepiga simu, dereva amevaa viatu, tangi halina kitu. Hati ya mafuta inahitaji saini ya afisa, na afisa yuko semina Mombasa. Jamaa wa mgonjwa wanaanza kuchangishana pale pale kwenye benchi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili hivi, na saini peke yake inaweza kuzimaliza zote. Mafuta yawe ndani ya bei ya mwanakandarasi. Akiogopa bei kupanda, kiwango cha kilomita kifuate bei za EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, zinazotangazwa kila tarehe 14 ya mwezi. Mistari miwili mkatabani inatosha.

Halafu ramani. Chukua kaunti ya Tana River, kama mfano wa jiografia tu, bila kugusa mkataba wowote wa huko. Mgonjwa aliye Madogo akivuka daraja amefika Garissa mjini, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti nyingine. Mkataba ulionakiliwa kutoka kwingine, wenye maneno "ndani ya mipaka ya kaunti", utampeleka Hola, makao makuu ya Tana River, zaidi ya kilomita mia moja kusini. Nimekuta maneno hayo mara nyingi kuliko inavyostahili, na aliyeyaandika kwa kawaida alikuwa akilinda mafuta.

Huko kwenye delta ya mto Tana, karibu na Kipini, kuna vijiji ambavyo gari halivifikii na chombo cha kuaminika ni boti. Jirani zao wa Lamu wana ambulensi za boti kwa sababu hawana namna nyingine. Na kuna mafuriko. Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Garissa pale Kona Punda, karibu na Madogo. Aprili 2024 yakarudi, na boti iliyokuwa ikivusha abiria ikazama. Basi ukisoma kifungu cha majanga yasiyozuilika, kile kinachomsamehe mwanakandarasi, hakikisha mafuriko ya mto hayamo. Kando ya Tana mafuriko yanajulikana, na mzabuni aeleze mapema, kabla ya bei, atawavusha wagonjwa vipi.

Tukubali pia kwamba zipo zahanati ambazo ambulensi haitazifikia kwa wakati hata mkataba ukiwa mzuri namna gani. Tanzania imelishughulikia hilo kwa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga: mhudumu au familia hupiga 115 bila malipo, na pasipo ambulensi karibu, kituo cha simu humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Ukijaribu jambo hilo kwenye mkataba wako, malipo ya madereva hao yatoke kwenye fungu lao wenyewe. Yakipitia kwa mwanakandarasi, hatakuwa na haraka ya kumwita anayempunguzia kilomita.

Kuhusu kumbukumbu, nina ushauri mmoja kwa anayekagua. Chukua daftari la safari la mwezi mmoja, usome safu za muda: simu iliingia lini, gari liliondoka lini, lilifika lini, mgonjwa alishushwa lini. Ukiona kila muda unaishia kwenye sifuri au tano, 2:00, 2:30, 3:15, jua limejazwa jioni kwa mpigo mmoja. Daftari la kweli lina 2:07 na 3:41. Dai kumbukumbu za simu na za kifaa cha kufuatilia gari, uzilinganishe.

Na kaunti nayo ina deni lake. Mgao kutoka Hazina ukichelewa, mwanakandarasi hukaa miezi bila kulipwa, na mwenye akili huliweka chelewesho hilo ndani ya bei tangu zabuni. Ni heri mkataba ukubali riba ya malipo yaliyochelewa, na kwa upande wa pili ukataze kuondoa gari lolote bila notisi ya siku 30, ukitaja kwa majina vituo ambavyo gari lake litakuwa la mwisho kuondoka.

Mwisho, namba ya simu ya dharura. Iandikishwe kwa jina la kaunti, si la kampuni, pamoja na kumbukumbu zote za wito. Namba iliyobandikwa kwenye kuta za zahanati na kuingizwa kwenye simu za wahudumu wa afya ya jamii ina thamani kuliko magari yenyewe, na kampuni inayoimiliki itashinda zabuni ijayo kabla haijatangazwa. Isajilini kabla ya kumwita mzabuni yeyote, maana baada ya saini hakuna atakayewaachia.