Mitigate: neno lenye makali ndani yake

Miaka yangu ya mwanzo katika kutafsiri, nililetewa waraka kuhusu mitaro ya maji ya mvua. Ndani yake kulikuwa na sentensi iliyoonekana nyepesi kabisa: The new drains will mitigate flooding. Nikaandika, "Mitaro mipya itazuia mafuriko," nikaendelea na ukurasa uliofuata.

Mhariri wetu, mama mtu mzima aliyekuwa na subira kubwa na vijana, aliizungushia sentensi hiyo duara akaniita. "Mwanangu," akaniuliza, "mvua kubwa ikinyesha, maji yakaingia ndani ya nyumba hadi kwenye kifundo cha mguu badala ya kufika kiunoni, mitaro itakuwa imefanya kazi au imeshindwa?" Nikafikiri. Kwa Kiingereza kile, imefanya kazi. Kwa Kiswahili changu, imeshindwa, na mwenye nyumba ana kila haki ya kusema amedanganywa. Nilikuwa nimeandika ahadi ambayo waandishi wa waraka hawakuitoa.

Tangu siku hiyo sijalichukulia mitigate kama neno la kupita nalo haraka. Wanafunzi wangu wengi hulipenda kwa sababu lina sauti ya usomi, na kamusi zao huwapa maana fupi: punguza. Si uongo, ila ni nusu ya maana, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu sentensi.

Tuanzie kwenye mzizi, maana hapa mzizi unasaidia kweli. Neno limetoka Kilatini, mitigare, na Kiingereza kimekuwa nalo tangu karne ya 15. Ndani yake kuna maneno mawili: mitis na agere. Agere ni kufanya au kusukuma, na utaikuta tena katika navigate, ambapo navis ni merikebu, na katika fumigate, ambapo fumus ni moshi. Mitis ni laini, pole, isiyo na ukali. Warumi walilitumia neno hilo kwa mtu mpole, na walilitumia pia kwa tunda lililoiva, lile ambalo uchachu wake umekwisha.

Mswahili akisikia hivyo anapaswa kufurahi, kwa sababu lugha yetu imeshalishika wazo hilo upande wa pili. Chungwa bichi ni kali. Kisu ni kikali, joto ni kali, adhabu ni kali, ugonjwa ni mkali, ukame ni mkali. Kiingereza kinahitaji vivumishi vingi tofauti kwa mambo hayo yote. Sisi tunacho kimoja. Na mitigate ni kile kinachofanyika ukali huo unapotulizwa. Ndiyo maana nikiambiwa nichague tafsiri moja tu ya neno hili, nachagua "kupunguza makali". Makali ni ya kisu, na kisu kilichopunguzwa makali bado kipo mkononi, ila hakikati kama kilivyokata.

Kutokana na hapo nimejitengenezea jaribio ninalowapa wanafunzi. Kabla hujaandika mitigate, jiulize: kitu hiki kina ukali unaoumiza? Mwanafunzi mmoja aliniandikia I want to mitigate the number of pages. Idadi ya kurasa haina ukali, ina wingi tu, basi hapo ni reduce. Mwingine aliandika mitigate the benefits. Faida haiumizi mtu, kwa hiyo hakuna cha kutuliza. Lakini mitigate the effects of the drought inakubali mara moja, na vivyo hivyo risk, impact, damage, harm. Jaribio lina mpaka wake: kisu chenyewe, pamoja na ukali wake wote, huwezi kukifanyia mitigate, wala mbwa mkali. Neno hili halishiki kitu cha kugusika. Linashika madhara, hatari, hasira, hukumu.

Jirani yake wa karibu ni alleviate, na wengi huwachanganya. Alleviate inatokana na levis, chenye uzito mdogo. Picha yake ni mzigo kichwani mwa mtu: unamtua kidogo, anapumua. Kwa hiyo alleviate hukaa vizuri na maumivu, umaskini, mateso, yaani mahali ambapo tayari kuna mtu anayelemewa. Mitigate inaweza kutangulia. Unaweza kupunguza makali ya tetemeko la ardhi ambalo halijatokea, kwa kujenga nyumba zinazostahimili mtikisiko. Huwezi kumtua mzigo mtu ambaye bado hajaubeba.

Sasa nifike kwenye sehemu inayowasumbua hata wataalamu. Neno hili hili linabadilika maana kulingana na meza linapowekwa. Watu wa maafa wakisema mitigation, wanamaanisha kupunguza madhara ya tukio la hatari. Watu wa tabianchi wakisema mitigation, wanamaanisha kushughulikia chanzo: kupunguza utoaji wa gesijoto, au kuongeza vitu vinavyofyonza gesi hizo, kama misitu. Kuhimili madhara yanayokuja wanakuita adaptation. Matokeo yake ni kwamba ukuta uliojengwa ufukweni kuzuia mawimbi ni mitigation kwa mtu wa maafa, na ni adaptation kwa mtu wa tabianchi. Ukuta ni ule ule, mawe yale yale. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia upunguzaji wa hatari za maafa imeona ni vyema kutahadharisha juu ya tofauti hiyo ndani ya orodha yake yenyewe ya istilahi. Nikiletewa waraka wenye neno hili, swali langu la kwanza siku hizi ni: nani ameuandika? Bila jibu hilo sigusi kalamu.

Mahakamani nako lina kazi yake, na hapo ndipo maana ya asili inapoonekana wazi kuliko popote. Mshtakiwa akishatiwa hatiani, kabla ya kupewa adhabu, hupata nafasi ya kueleza sababu za kupunguziwa: umri wake, majuto, kwamba ni kosa la kwanza. Hiyo ndiyo mitigation. Haisemi kwamba hana hatia. Kudai kutokuwa na hatia ni utetezi, na wakati wake umeshapita. Mtafsiri anayeandika "utetezi" mahali pa mitigation amemrudisha mtu kwenye hatua ya kesi ambayo imefungwa.

Katika mikataba, neno linamgeukia aliyeumizwa. Ukivunjiwa mkataba, huruhusiwi kukaa ukitazama hasara ikikua ili uje kuidai yote. Unatakiwa kuchukua hatua za busara kuipunguza. Mwaka 1912 nchini Uingereza, Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua shauri maarufu la kampuni ya reli iliyouziwa mitambo ya kuzalisha umeme isiyofikia kiwango cha mkataba. Kampuni ikanunua mingine iliyo bora, na hiyo mingine ikaokoa makaa ya mawe mengi sana. Baraza likaamua kwamba nafuu hiyo lazima ihesabiwe katika fidia. Hasara ilikuwa imeshapunguzwa makali, na sehemu iliyopunguzwa hailipwi.

Kuna kosa moja la sarufi ambalo hata wenye Kiingereza chao hulifanya: mitigate against. Wanalichanganya na militate, neno la askari, kutoka Kilatini militare, kutumikia jeshini. Militate hufuatwa na against kwa sababu linapigana na kitu: jambo fulani linapinga jingine lisitokee. Mitigate halipigani. Linashika shamirisho yake moja kwa moja, bila kihusishi katikati: mitigate the damage. Ukiona against, angalia kama ulitaka kuandika neno la askari.

Matamshi yasikutishe. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi husema mi-ti-GE-ti. Sema "miti", ile ya msituni, na mkazo wake pale pale kwenye mi, kisha ongeza geit mwishoni: MI-ti-geit. Katika mitigation mkazo unahamia mbele: mi-ti-GEI-shen.

Na limebaki umbo moja ninalolipenda kuliko yote, unmitigated. An unmitigated disaster ni janga ambalo hakuna chochote kilichoingia kulilainisha, hata kidogo. Nimewaona watafsiri wakiandika "janga lisilopunguzwa", ambalo ni Kiswahili kilichotiwa maji. Sisi tuna neno fupi la kazi hiyo na tunalisema kila siku: uongo mtupu, hasara tupu, janga tupu.