Tatizo si elimu, jamani

Rasimu nyingine ya mpango wa usafiri imetua mezani kwangu, na sentensi ni ileile: wananchi wapewe elimu juu ya umuhimu wa kupunguza matumizi ya magari binafsi. Imewekwa ya kwanza, kabla ya mabasi, kabla ya njia za waenda kwa miguu, kabla ya maegesho. Chini yake kuna jedwali la warsha, mabango, fulana na siku moja ya matembezi ya pamoja, viongozi wakiwa mbele. Mambo ya mabasi yako kwenye kiambatisho.

Nimechoka nayo. Kazi yangu ni kupanga usafiri wa maeneo madogo, kitongoji kimoja au mji mdogo uliobanwa ubavuni mwa mji mkubwa, na bado sijakutana na dereva asiyejua kwamba foleni inaudhi, moshi unaumiza kifua na kutembea kunajenga mwili. Wanajua. Wengine wanaweza kukufundisha wewe. Kesho asubuhi watawasha gari vilevile, na kwa kilichopo nje ya mlango wao watakuwa wameamua kwa akili kabisa.

Chukua mzazi anayempeleka mtoto shule, kisha anakwenda kazini, jioni anapitia dawa za mama yake, halafu anawahi kumchukua mtoto kabla lango halijafungwa. Sisi tunaiita safari ya mnyororo, nayo ndiyo inayovuruga mipango mingi iliyochorwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwenye begi mgongoni anayetoka nyumbani kwenda ofisini na kurudi. Kipande kimoja kikichelewa, vyote vinavyofuata vimeharibika. Mpe mzazi huyu kipeperushi cha usafiri endelevu. Atakisoma, atakubali kila neno, kisha atafutia nacho kioo cha gari.

Halafu kuna hesabu ya pesa, ambayo wenzangu wengi wenye nia njema huipiga vibaya. Wanajumlisha bei ya gari, bima, matengenezo na kushuka thamani, wanagawanya kwa kilomita, kisha wanatangaza ushindi: mnaona, basi ni nafuu! Ni kweli, kwa mtu ambaye hajanunua gari. Aliyeshanunua amekwisha kulipa sehemu kubwa ya hayo yote, aliendeshe au alilaze. Kwa safari ya leo anaona mafuta tu, na pengine maegesho, ambayo mara nyingi ni bure. Basi linadai nauli kila anapopanda, na wakiwa wanne linadai mara nne. Ndiyo maana ada ya maegesho inafanya kazi ambayo mabango hayawezi: inaigusa safari ya leo. Gari la kawaida hukaa limesimama takriban asilimia 95 ya muda wake, kwa hiyo anayesimamia mahali pa kulisimamisha ana usemi mkubwa juu ya litakapokwenda. Niishie hapo. Nikianza maegesho sitamaliza.

Ninachotaka kukaa nacho ni kusubiri, maana hapa ndipo wataalamu wenyewe huniudhi kuliko wanasiasa.

Kwenye ratiba, basi la kila nusu saa linaonekana la heshima. Abiria anayefika kituoni bila kuangalia saa atalisubiri wastani wa dakika 15. Likija kila baada ya dakika 10, atasubiri 5. Hilo kila mtu analikubali. Lakini dakika ya kusimama kituoni haina uzito sawa na dakika ya kukaa ndani ya basi linalokwenda. Katika tathmini za miradi ya usafiri, dakika moja ya kusubiri kwa kawaida huhesabiwa kama dakika mbili za safarini, au zaidi kidogo, kwa sababu ndivyo watu wanavyoonyesha wanapochagua. Zile 15 zimeshageuka 30 kichwani mwa abiria kabla tairi halijazunguka. Akilazimika kubadilisha basi njiani, ongeza adhabu nyingine, hata kama la pili linamsubiri pale pale.

Na hapo nimezungumzia mabasi yanayokuja kwa mpangilio. Tuseme mtaa una mabasi 6 kwa saa, moja kila dakika 10. Barabarani yanakwama kwenye foleni, la nyuma linalifikia la mbele, mwisho yanakuja mawili mawili, jozi moja kila dakika 20. Mabasi ni yaleyale 6, mafuta yaleyale, mishahara ya madereva ileile, ila kusubiri kumepanda kutoka wastani wa dakika 5 hadi 10. Lile la mbele limejaa hadi mlangoni, la nyuma linapeperusha viti vitupu. Mwendeshaji akiandika ripoti atasema safari zote zilizopangwa zimefanyika, na hatakuwa amedanganya.

Ukichukua wastani wa mapengo, bado ni dakika 10, maana lipo pengo la 20 kisha la sifuri. Lakini ni nani anayefika kituoni ndani ya pengo la sifuri? Hakuna. Wote wanaangukia lile la 20. Hata pale ambapo mapengo hayatofautiani kwa kiasi hicho kanuni haibadiliki: pengo refu hukusanya watu wengi, fupi hukusanya wachache, kwa hiyo abiria wengi wanaishi ndani ya huduma mbovu kuliko ile inayoripotiwa. Nimelieleza hili kwenye vikao vingi na watu hunitazama kama ninayefanya mazingaombwe. Kisha abiria akisema basi halitabiriki, anaambiwa ana mtazamo hasi juu ya usafiri wa umma. Apewe elimu!

Kitu kingine kinachopotea kwenye wastani ni basi la mwisho. Watu hawapangi maisha yao kwa siku ya kawaida, wanapanga kwa siku mbaya. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni, lakini mara moja moja akabakizwa hadi saa tatu usiku, ataangalia kama saa tatu kuna basi. Kama halipo, atakuja na gari kila siku, hata zile siku nyingi anazotoka kwa wakati. Basi la usiku lenye abiria wanne kwa hiyo linabeba na abiria wa jioni ambao hawalipandi kabisa. Mhasibu haoni hilo. Analifuta kwa kukosa abiria, miezi inapita, na la jioni nalo linaanza kupungukiwa, naye anashangaa.

Dawa ya mabasi kuongozana inajulikana: yatoe kwenye foleni. Njia moja iliyotengwa kwa mabasi yanayopita mfululizo inaweza kupitisha watu elfu kadhaa kwa saa, wakati njia ya magari mchanganyiko ya upana uleule ni bahati ikipitisha 1,600. Wenye magari wataona njia ya mabasi iko tupu na kulalamika. Inaonekana tupu kwa sababu inafanya kazi.

Sasa nirudi kwa wale wa kubadilisha mtazamo kwanza. Wameweka mkokoteni mbele ya punda, na Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, inawaumbua. Mji ule ulianza kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji tarehe 3 Januari 2006, kwa majaribio. Kabla ya hapo wakazi wengi walipinga. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Majaribio yakafungwa tarehe 31 Julai na magari yakarudi haraka. Septemba wakazi wa jiji wakapiga kura, waliokubali wakazidi waliokataa kwa tofauti ndogo, na Agosti 2007 tozo ikawa ya kudumu. Uungaji mkono uliendelea kupanda baada ya hapo. Fulana hazikuhusika. Watu walikaa miezi saba ndani ya mji wenye foleni fupi, ndipo maoni yakafuata.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya kisa hicho ni kwamba watafiti walipowauliza madereva wamebadilisha nini, majibu hayakutosha kueleza magari yaliyopotea barabarani. Wengi hawakutambua kuwa wamebadilika. Safari moja iliunganishwa na nyingine, nyingine ikahamia saa tofauti, nyingine haikufanyika, na hakuna aliyeona kama amefanya uamuzi mkubwa. Tunazungumza kuhusu dereva kana kwamba udereva ni dini aliyoingia, inayohitaji mahubiri ili atoke. Kumbe sehemu kubwa ya msongamano ni safari zinazoyumba, zile ambazo zingefanyika hivi au vile. Huhitaji kumuongoa mtu. Inatosha kila mmoja aache safari chache tu kwa wiki.

Baiskeli nazipitia haraka kwa kuwa jambo lenyewe halina utata. Sevilla, Hispania, kuanzia 2006 ilijenga kwa miaka michache mtandao wa njia zilizotenganishwa na magari, kilomita kama 80 zinazoungana, na safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa mahali ambapo hapo kabla karibu hakuna aliyeendesha. Neno la kushika hapo ni kuungana. Kilomita 3 hapa na 2 kule, katikati makutano ya kutisha, ni sawa na sifuri, kwa kuwa mtu huipima njia kwa sehemu yake ya hatari kuliko zote. Rangi nyeupe iliyopakwa pembeni mwa malori siyo njia ya baiskeli. Ni rangi.

Kwa eneo dogo mfano bora ni Groningen, Uholanzi. Mwaka 1977 katikati ya mji iligawanywa sehemu nne. Kwa miguu au baiskeli unapita kutoka moja kwenda nyingine, kwa gari unatakiwa utoke hadi barabara ya mzunguko kisha uingie upya. Hakuna aliyekatazwa kuwa na gari, na kila nyumba bado inafikika. Ila kwa safari fupi gari limekuwa ndilo la kuzunguka, na baiskeli ndiyo ya mkato. Ghent, Ubelgiji, ilifanya kitu cha namna hiyo Aprili 2017. Vifaa vyenyewe ni nguzo, alama, kamera na vyungu vya maua. Uoga wa viongozi ndio ghali.

Najua swali linalofuata: kwa nini tusifanye mabasi yawe bure, kila mtu afurahi, hakuna anayekasirika? Tallinn, Estonia, ilifanya hivyo mwaka 2013 kwa wakazi wake waliojiandikisha. Mabasi yalipata abiria zaidi, lakini sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka kwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Kama msaada kwa wasio na kipato, sina ugomvi nao hata kidogo. Kama mbinu ya kuondoa magari, nauli haikuwa kikwazo cha mwenye gari. Kikwazo chake ni zile dakika 30 za kichwani. Pesa ileile ingeweza kununua mabasi ya mara kwa mara zaidi.

Pana mambo yanayoninyima usingizi, na vitabu huyapitia kwa kasi. Hata ukifanikiwa kuwatoa madereva wengi barabarani, nafasi waliyoiacha inavutia wengine ambao foleni ndiyo iliyokuwa ikiwazuia. Ukiboresha mabasi bila kuichukua ile nafasi, uiweke njia ya basi, baiskeli au miti, baada ya muda unaweza kuhesabu magari yaleyale. Hapo je, mradi umefeli? Watu zaidi wanasafiri, lakini hewa ni ileile. Nimeandika ripoti zinazosema umefaulu, na sina uhakika kila mara.

Na nisijifanye kwamba taarifa hazina kazi yoyote. Februari 2014 mgomo wa saa 48 ulifunga vituo vingi vya treni za chini ya ardhi London. Abiria walilazimika kutafuta njia nyingine, na ulipokwisha, takriban mmoja kati ya 20 hakurudi kwenye njia yake ya zamani. Ina maana kwa miaka walikuwa wakisafiri kwa njia isiyowafaa bila kujua. Lakini walijua kwa kujaribu. Ramani walikuwa nayo siku zote. Perth, Australia, nako walitembelea kaya moja moja mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaongea na kila familia kuhusu safari zake halisi, na wakaripoti safari za madereva kupungua kwa asilimia 14 katika eneo la South Perth. Namba hiyo mimi huitazama kwa shaka, kwa kuwa matokeo ya namna hiyo hutegemea watu kujaza wenyewe madodoso ya safari zao, na anayejua unachotaka kusikia hukupa. Hata nikiikata nusu, bado ni kitu. Tofauti ni kwamba walikuwa na mabasi ya kuwaelekeza watu wayapande, na waliongea na mtu kuhusu safari yake badala ya kumhutubia kuhusu sayari.

Kama bajeti ya elimu haiwezi kuhamishwa, basi ipelekwe kwa waliohamia eneo hilo mwezi huu, walioanza kazi mpya, na wazazi wa watoto wanaoanza shule. Hao bado hawajazoea chochote. Wapewe tiketi za majaribio, si kalamu zenye kaulimbiu. Na kabla ya kufunga mtaa hata mmoja, hesabu. Hesabu magari, baiskeli na waenda kwa miguu, kwenye mtaa wenyewe na kwenye mitaa ya jirani, katikati ya wiki, shule zikiwa zimefunguliwa, na kama mvua ilinyesha iandike. Wiki chache baada ya nguzo kusimikwa atakuja mtu kikaoni aseme magari yote yamehamia mtaa wake. Huenda anasema kweli. Bila namba za kabla, hutaweza kumjibu yeye wala kumsaidia.