Choo cha kijani si dalili ya sumu

Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, utasikia mama akimkataza mtoto peremende ya buluu: "Hiyo ni sumu, hata choo chake kimegeuka kijani!" Hofu yake naielewa kabisa, ila kijani hicho kinaonyesha kinyume. Rangi ya buluu ya peremende, iitwayo E133, karibu yote hupita tumboni bila kuingia kwenye damu, ikatoka jinsi ilivyoingia. Ikikutana na umanjano wa nyongo, tunaona kijani.

Mwaka 2017 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, waliweka kikomo cha rangi hii: miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kila siku, maisha yote. Kwa mtoto wa kilo 15 ni miligramu 90. Peremende chache hazikaribii hapo.

Kweli, mwaka 2003 Marekani ilitoa onyo juu ya rangi hii, lakini lilihusu wagonjwa mahututi waliolishwa kwa mrija, ambao matumbo yao yaliyodhoofika yaliweza kuipenyeza rangi hadi kwenye damu.

Mimi naogopa zaidi unga wa rangi unaouzwa kwa kijiko, bila jina wala namba. Huo unaweza kuwa rangi ya vitambaa. Mama, usiutie kwenye juisi ya watoto.